Nani Astahiliye Kuvaa Jezi ya Taifa?

Ndugu msomaji, kaa kitako nami kidogo tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hulitaja kwa mzaha, nami nalitaja kwa uchungu. Jambo lenyewe ni hili: nani ana haki ya kuliwakilisha taifa katika mashindano ya dunia, na haki hiyo hupatikana kwa njia gani? Wasema wengine kuwa michezo ni michezo tu, na ya kwamba mtu mzima hapaswi kupoteza usingizi kwa sababu ya mbio za vijana. Mimi nakataa. Mahali pa michezo ndipo kijana ajifunzapo kwa mara ya kwanza kama nchi yake yatimiza ahadi zake au yasema tu. Akifundishwa pale kwamba jasho halina thamani, hatalisahau somo hilo akiwa karani, hakimu, daktari au waziri.

Nilipokuwa kijana wa rika lako nilisimama katika kiwanja kimoja hapa Mutuini, mahali ambapo jiji la Nairobi lakoma na mashamba ya Kikuyu yaanza. Ilikuwa asubuhi ya baridi na ukungu, kama zijavyo asubuhi za Dagoretti, na udongo mwekundu ulikuwa umeshikamana na nyayo zetu. Tulikusanyika ili wachaguliwe wale ambao wangekimbia katika timu ya tarafa. Alikuwako kijana mmoja ambaye kila siku aliamka kabla ya jogoo, akapeleka maziwa hadi Kawangware kwa miguu, kisha akaja shuleni. Siku hiyo alikimbia mita 1500 bila viatu, akatuacha nyuma sote kana kwamba tulikuwa tumefungwa kamba. Tulipokwisha kuhema, mwalimu mmoja alitoa karatasi mfukoni akasoma majina. Jina la kijana yule halikuwamo. Lilikuwamo jina la mwingine aliyekuwa wa nne, ambaye baba yake alikuwa amelipia basi.

Nilikuwa karibu, nikaiona karatasi ile. Ilikuwa imekunjwa mara 4, na mikunjo yake ilikuwa imechakaa. Maana yake ni kuwa haikuandikwa asubuhi ile. Iliandikwa kabla ya mbio, na mbio zenyewe zilikuwa mchezo wa kuigiza tu. Kijana yule alivaa shati lake, akaondoka bila kusema neno, wala hakukimbia tena maishani mwake isipokuwa kuwahi gari. Sitaitaja shule ile wala mwalimu yule, maana shabaha yangu si mtu mmoja. Shabaha yangu ni karatasi. Karatasi ya namna ile ingali yakunjwa katika mifuko mingi, tangu kiwanja cha kijiji hata ofisi zipelekazo watu katika mashindano ya dunia.

Yafaa kwanza tukubaliane timu ya taifa ni nini. Si mali ya kocha, wala si mali ya mwenyekiti wa chama, wala si zawadi ambayo mkubwa humpa amtakaye. Timu ya taifa ni amana. Wananchi ambao hawawezi kwenda wote wamewaweka wachache waende kwa niaba yao. Basi kama ilivyo katika amana zote, mwenye kushika si mwenye mali, na aulizwapo hesabu ni lazima aitoe. Kwa sababu hiyo kanuni yangu ni fupi, nawe waweza kuikariri njiani: sharti la kuchagua litangazwe kabla ya mashindano, litumiwe wakati wa mashindano, wala lisibadilishwe baada ya mashindano. Yote nitakayosema toka hapa ni ufafanuzi wa maneno hayo.

Usidhani nakuomba jambo geni lisilowahi kuonekana. Umbali mfupi kutoka Mutuini, kando ya Barabara ya Ngong, pana uwanja wa mbio za farasi. Katika uwanja huo, mara nyingi, yamefanyika majaribio ya taifa ya mbio za nyika. Walikuja askari jeshi, polisi, askari wa magereza, wanafunzi, na wakulima ambao hakuna aliyewajua. Walisimama wote katika mstari mmoja mrefu; bunduki ikalia; nao wakaenda. Waliofika mbele walipelekwa kambini Kigari, Embu, na kutoka kambini wakaenda kuikimbilia Kenya. Watu wa nje waliokuja kutazama walizoea kusema kuwa kupata nafasi katika timu ya Kenya ni kazi ngumu kuliko kupata medali duniani. Je, matunda yake yalikuwa nini? Timu ya wanaume wa Kenya ilishinda ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za nyika kila mwaka, tangu 1986 hata 2003, yaani mara 18 mfululizo. John Ngugi alishinda mara 5, na Paul Tergat akashinda mara 5. Wengine wataja hewa ya nyanda za juu, wengine wataja ugali na maziwa, na wengine wataja miguu myembamba. Mimi sikatai hayo. Lakini nasema kuwa hewa ile ile na ugali ule ule vipo katika michezo mingine ambayo hatujashinda kitu. Tofauti moja kubwa ni mstari ule mrefu, ambapo koplo na mkulima walisimama bega kwa bega, wala hapana aliyeulizwa baba yake ni nani.

Mkumbuke pia Faith Kipyegon. Mwaka 2010, alipokuwa na umri wa miaka 16, alikimbia mbio za nyika za dunia za vijana kule Bydgoszcz, Poland, akiwa miguu mitupu, akawa wa 4. Mwaka uliofuata aliushinda ubingwa huo wa vijana. Leo ana medali 3 za dhahabu za Olimpiki katika mita 1500, za miaka ya michezo ya 2016, 2020 na 2024. Jiulize: lau wachaguzi wangalitazama miguu yake badala ya kutazama nafasi aliyofika, wangaliona nini? Wangaliona msichana asiye na viatu. Mbio hazikuona viatu. Mbio ziliona mkimbiaji. Hiyo ndiyo fadhila ya kipimo kilicho wazi: ni kipofu mahali ambapo macho ya watu huona mno.

Najua kuwa wapinzani wangu hawakulala. Wanazo hoja, na si zote za kupuuzwa. Nitazitaja moja moja, maana mtu asiyethubutu kuitaja hoja ya mpinzani wake aogopa kuwa ni ya kweli.

Hoja ya kwanza ni kuwa siku moja yaweza kudanganya. Bingwa aweza kuamka na homa, na mtu wa kawaida aweza kuamka na bahati. Je, ni haki bingwa aachwe nyumbani? Nitakujibu kwa mfano wa Eliud Kipchoge. Mtu huyu alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003, akapata medali ya shaba katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na ya fedha huko Beijing mwaka 2008. Mwaka 2012 aliingia katika majaribio ya kwenda London, akawa wa 7 katika mita 5000 na wa 7 katika mita 10,000. Akabaki nyumbani. Hapakuwa na mkubwa aliyesimama akasema, "Huyu ni Kipchoge, mpitisheni." Naye Kipchoge mwenyewe hakulia mbele ya watu. Alikwenda akajifunza marathoni, akashinda ya kwanza kule Hamburg mwaka 2013, akachukua dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016, na nyingine katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Kanuni ilimfungia mlango mmoja naye akaupata mwingine, kwa kuwa alijua kwa hakika kwa nini wa kwanza ulifungwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini nani aweza kukubali kushindwa na karatasi iliyokunjwa?

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Mwaka 1992 Marekani ilikuwa na Dan O'Brien, bingwa wa dunia wa michezo 10, ambaye watu wote walimtazamia kushinda Barcelona. Katika majaribio ya nchi yake alishindwa kuruka hata mara moja kwa upondo, akapoteza alama zote za mchezo huo, akaachwa. Kampuni zilikuwa zimekwisha mtangaza, na picha zake zilikuwa kila mahali. Akaachwa vivyo hivyo. Mwaka 1996 alirudi, akapita katika majaribio, akashinda dhahabu kule Atlanta. Nchi ile ilipoteza medali moja mwaka 1992. Lakini iliwafundisha watoto wake kuwa jina halirukii mtu upondo. Mimi naona somo hilo lilikuwa na thamani kuliko medali.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Wasema: yapo mashindano ambayo hayawezi kuwa na majaribio. Mkimbiaji wa marathoni hawezi kukimbia maili 26 ili achaguliwe, kisha akakimbia tena baada ya wiki chache ili ashinde, mwili haukubali. Hapo ni lazima watu wakae mezani wachague. Nakubali. Lakini sikiliza yaliyotokea mwaka 2012. Kenya ilikuwa na wanaume wa marathoni wengi kuliko nchi yoyote duniani, na kila nchi yaruhusiwa watu 3 tu. Patrick Makau alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia, saa 2 dakika 3 na sekunde 38, aliyoiweka Berlin mwaka 2011. Geoffrey Mutai alikuwa amekimbia Boston mwaka huo huo kwa saa 2 dakika 3 na sekunde 2, ijapokuwa njia ile haihesabiwi kwa rekodi. Wote wawili waliacha mbio njiani mwezi wa Aprili 2012, mmoja London na mwingine Boston, na wote wawili wakaachwa nje ya timu. Wakachaguliwa Abel Kirui, Wilson Kipsang na Moses Mosop. Mosop alipoumia, nafasi yake ikachukuliwa na Emmanuel Mutai. Siku ya mashindano, dhahabu ilichukuliwa na Stephen Kiprotich wa Uganda. Kirui akawa wa pili, na Kipsang wa tatu.

Mimi sisemi kuwa Makau au Geoffrey Mutai angalishinda. Hakuna ajuaye, na anayedai kujua ajidanganya. Tena wachaguzi wale hawakuchagua wanyonge; medali 2 si haba. Ninalolisema ni hili: mwananchi wa kawaida, aliyekuwa akisikiliza redio katika kinyozi cha Waithaka, hakuwa na kipimo mkononi. Je, rekodi ilihesabiwa kiasi gani? Ubingwa wa zamani ulihesabiwa kiasi gani? Kuacha mbio moja kwafuta mashindano mangapi mazuri? Lau maswali hayo yangalijibiwa kwa maandishi mwaka mmoja mbele, hata yule aliyeachwa angalijua ameangushwa na nini. Kuchagua mezani si kosa. Kosa ni kukaa mezani bila mizani, kisha kutaka watu waamini kuwa bidhaa imepimwa.

Hoja ya tatu yatoka mbali, katika nchi za baridi, nami naipenda kwa kuwa yaonyesha ugumu wa jambo lote. Wasema wapinzani: kanuni iliyoandikwa yaweza kuchezewa na mwerevu, kwa hiyo afadhali busara ya wazee. Nao wana mfano. Katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi pana mchezo wa skii ya mbinu huru, ambamo vijana huteleza juu ya theluji na kuruka angani, wakajizungusha na kujipindua kama samaki akatiaye majini. Moja ya aina zake huchezwa ndani ya mfereji mkubwa wa theluji, uliochongwa mithili ya nusu ya bomba. Ili mtu aingie katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, sharti mojawapo lilikuwa awe amepata nafasi miongoni mwa 30 wa kwanza katika mashindano ya Kombe la Dunia. Tena hapana nchi iliyoruhusiwa zaidi ya watu 4 katika mchezo mmoja. Kwa hiyo nchi yenye mabinti wengi hodari, kama Marekani, iliwaacha wengine nyumbani.

Basi alikuwako binti mmoja wa Marekani, Elizabeth Swaney, aliyepata haki ya kuiwakilisha Hungaria kwa sababu ya asili ya wazee wake. Aliona kuwa mashindano mengi ya wanawake wa mchezo ule hayakufikisha washindani 30. Akasafiri nchi baada ya nchi, akateleza taratibu, akapanda ukingo huu akashuka, akapanda ule akashuka, bila kuruka kwa maana wala kuanguka. Wengine walijaribu miruko mikubwa wakaanguka, yeye hakuanguka. Alama zikakusanyika, na mwaka 2018 akasimama Pyeongchang mbele ya dunia nzima, akafanya vile vile, akawa wa mwisho. Watu walicheka, wengine wakakasirika. Lakini alivunja kanuni gani? Hakuvunja hata moja. Kanuni ilisema kupima ustadi, kumbe ilikuwa ikipima mahudhurio.

Wapinzani wangu hufurahi sana wafikapo hapa. "Umeona?" wasema. "Maandishi yako yamemwingiza asiyestahili!" Nami nawajibu: naam, nimeona, nanyi pia mmeona, na dunia yote imeona. Hilo ndilo jambo kubwa. Kwa kuwa kanuni ile iliandikwa na kutangazwa, kila mtu aliweza kulionyesha tundu lake kwa kidole, na tundu lionekanalo huzibika. Eddie Edwards wa Uingereza alipokuwa wa mwisho katika kuruka kwa skii kule Calgary mwaka 1988, kanuni zilikazwa baadaye, ikatakiwa mtu aonyeshe kiwango fulani kabla ya kuruhusiwa. Je, karatasi iliyokunjwa mfukoni, tundu lake utalionyesha wapi? Nyumba yenye dirisha yaweza kuingiliwa na mwizi mmoja; nyumba yenye giza huhifadhi wezi wengi, na hakuna awaonaye.

Wala usifikiri kuwa habari za theluji hazituhusu sisi ambao theluji yetu ni ile ya kilele cha Mlima Kenya. Mwaka 1998 Philip Boit, mwana wa Bonde la Ufa, alisimama Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alikuwa ameanza kujifunza skii mwaka 1996 kule Finland, kwa gharama ya kampuni moja ya viatu. Alikimbia kilomita 10, akawa wa mwisho, wa 92. Bjørn Dæhlie wa Norwe, aliyeshinda, alingoja kama dakika 20 katika baridi ili amkumbatie, na Boit alipopata mtoto akampa jina la Dæhlie. Hii ni habari njema ya utu, na Boit hakuishia hapo. Alirudi mwaka 2002 na mwaka 2006. Baada yake akaja Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, ambaye mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hiyo. Wote wawili nawapa heshima yao. Lakini yatupasa tuone ukweli ulio nyuma ya habari hizi: mmoja alipata mlango kwa kuwa kampuni ya ng'ambo ilimfungulia, na mwingine kwa kuwa maisha yalimpeleka penye milima ya theluji. Hapana hata mmoja aliyeipata nafasi ile katika kiwanja ambacho Mkenya yeyote angaliweza kuingia. Katika michezo ya namna hiyo kanuni haiwezi kuwa mbio za watu wengi. Basi na iwe kiwango kilichoandikwa, ili kesho akitokea mwingine asiye na kampuni wala jamaa ng'ambo, ajue ni ngazi gani aipande na ina vipago vingapi.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo iniogopeshayo kuliko zote. Wasema: timu ya taifa lazima iwe na sura ya taifa, kwa hiyo na igawanywe, huku wawili, kule mmoja, ili kila kabila na kila pembe ipate. Maneno haya yana harufu ya haki, lakini ladha yake ni nyingine. Mimi nataka kila pembe ya Kenya ipate. Nataka mtoto wa Mutuini apate, na wa Wajir, na wa Lamu, na wa Turkana. Lakini apate nini? Apate kiwanja, apate mwalimu wa michezo, apate viatu, apate nauli ya kufika kwenye majaribio, apate habari za tarehe mapema. Mgawo wa haki ni kabla ya mstari wa kuanzia. Baada ya mstari huo hakuna mgawo, kuna mbio. Anayekunyima kiwanja miaka 10, kisha akakupa nafasi moja ya fadhila katika timu, hakukutendea haki. Amekununua kwa bei rahisi. Viwanja vingi vya Nairobi vimemezwa na majengo, na watoto hucheza kando ya barabara. Hapo ndipo pa kupigia kelele za usawa.

Tena tazama yatokeayo amana ikisahauliwa. Mwaka 2016 Kenya ilipeleka timu Rio. Julius Yego, bingwa wa dunia wa kutupa mkuki wa mwaka 2015, alifika uwanja wa ndege akakuta kuwa tikiti yake haipo. Fikiri, msomaji: mkuki upo, mkono upo, bingwa yupo, tikiti haipo. Aliondoka baada ya taabu, akaja na medali ya fedha. Wakati huo huo walikuwako watu waliosafiri na timu ambao hawakukimbia, hawakutupa, wala hawakufundisha. Mwaka 2021 mahakama ya Nairobi ilimtia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo wakati ule kwa makosa yaliyohusu safari hiyo. Mambo haya hayakuanzia Rio. Yalianza katika kiwanja kidogo, siku mtu mmoja alipokunja karatasi na hakuulizwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tufanye nini? Nataka mambo 4, wala si makubwa. La kwanza, kila chama cha michezo, tangu shule hata taifa, kiandike na kubandika hadharani sharti lake la kuchagua, miezi mingi kabla ya siku ya kuchagua. La pili, penye uwezekano wa mbio, pawe na mbio, na waliotangulia waende. Nafasi ya hiari ya wachaguzi, ikiwapo, iwe moja, nayo itolewe kwa sababu zilizoandikwa. La tatu, wachaguzi wasiwe na mtoto, ndugu wala mtu wa biashara yao miongoni mwa wanaochaguliwa. Na akiwapo, mchaguzi atoke nje ya chumba. La nne, aliyeachwa awe na haki ya kuuliza na kujibiwa kwa maandishi, kabla timu haijapanda ndege, maana jibu lijalo baada ya ndege kuondoka ni kumbukumbu tu.

Watu wataniambia kuwa mimi naota. Watasema, "Dunia ndivyo ilivyo, mkono mtupu haulambwi." Nawajibu kuwa mstari mrefu wa Barabara ya Ngong haukuwa ndoto. Kipchoge kubaki nyumbani haikuwa ndoto. Nchi hii imekwisha jua kufanya haki, na tulipoifanya tulishinda dunia mara 18. Aliyewahi kutembea hawezi kusema kuwa hana miguu.

Neno la mwisho ni lako, kijana usomaye. Huenda wewe si mkimbiaji. Huenda miguu yako haikupi sifa yoyote, kama yangu. Lakini muda si mrefu utapewa kazi ya kuchagua: kiranja wa bweni, wachezaji wa kandanda wa darasa, wasemaji wa mdahalo, na baadaye watu wa kuajiriwa na watu wa kuongoza. Siku hiyo utaona jina la rafiki yako likikuita, na jina la mtu usiyempenda likikutazama. Kabla hujafungua kinywa, andika ukutani unatafuta nini. Kisha chagua kwa maandishi hayo, hata kama yatakuumiza.

Yule kijana wa maziwa nilimwona tena miaka mingi baadaye, katika soko la Dagoretti, akipakia magunia ya viazi garini. Tuliamkiana, tukaulizana hali za nyumbani. Mwanawe, mwenye umri kama wako, alikuwa amesimama karibu, amevaa sare za shule. Nilimwuliza mtoto kama anapenda kukimbia. Kabla hajajibu, baba yake alisema kwa upole, bila hasira yoyote, "Huyu nimemwambia asome tu. Mbio zina wenyewe."

Msomaji, maneno hayo matatu ndiyo niliyoyaandikia insha hii. Mbio hazina wenyewe. Au tuseme zinaye mwenyewe mmoja, naye ni yule afikaye mbele. Na kazi yako na yangu ni kuhakikisha kuwa mtoto yule, siku akitaka kusimama katika mstari, ataukuta mstari ungaliko.